Karma nilivyoijulia kazini: shilingi 3,200 za hamali

#1 Mwanalikoni (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Nimekaa na mada hii muda mrefu, leo nimeona niitoe.

Neno karma siku hizi liko mdomoni mwa kila mtu. Mtu kaachika, "karma". Duka la fulani limeungua, "karma hailali". Tunalitumia kama wazee walivyosema malipo ni hapa hapa duniani, na karibu kila mara tunalisema tukimtazama mwenzetu aliyeanguka. Mimi pia nililisema hivyo, mpaka siku lilipogeuka likanitazama.

Nimefanya kazi miaka sita katika duka la vifaa vya ujenzi, Mombasa mjini. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kijaini. Huku pwani wengi wetu twawaita Wahindi wote wasiokuwa Waislamu Mabaniani na yakaishia hapo, lakini Wajaini wana dini yao peke yao, na hekalu lao la marumaru nyeupe liko pale mjini tangu miaka ya 1960. Mzee hakula nyama, samaki wala mayai. Hata viazi, vitunguu na karoti hakugusa, kwa sababu ukiking'oa kitu cha ardhini umeua mmea mzima pamoja na vidudu vilivyouzunguka. Chakula chake cha jioni alikila kabla jua halijazama. Na kwenye mizani ya misumari alikuwa na desturi moja: mshale ukifika kwenye kilo, anaongeza misumari miwili mitatu. Nilimuuliza sababu. Akanambia mizani huzeeka kama mtu, na yeye hataki kosa la mizani liangukie kwa mnunuzi.

Sasa mkasa wenyewe. Ijumaa moja hesabu ya jioni ilipungua shilingi 3,200. Siku hiyo aliyekaa kwenye pesa ni mimi. Mchana nilikwenda kuswali, nikamwomba hamali wetu mmoja, kijana wa Kilifi, anishikie meza mpaka nirudi. Kwa hiyo macho ya wote yakamwendea yeye. Mzee akamuuliza mbele yetu, akakana. Akaulizwa tena, akakana tena, safari hii sauti ikiwa chini. Zikakatwa kwenye malipo yake ya wiki.

Jumatatu nikipanga risiti nikaiona. Fundi mmoja alichukua mabati ya 4,800, akalipa 1,600, akaahidi zilizobaki ataleta kesho. Mimi niliandika zote zimelipwa, nikasahau kuandika deni. 4,800 kutoa 1,600 mnaijua wenyewe ni ngapi. Nilisimama na ile risiti mkononi, mzee yuko hatua tano kutoka nilipo anahesabu bawaba. Nikaikunja mara nne, nikaitia mfuko wa shati.

Yaliyofuata ndiyo sababu ya uzi huu. Fundi alileta pesa zake siku ya pili yake, nikazipokea na kuziingiza kama mauzo mengine, na hakuna aliyejua. Mtu akiniuliza wakati huo ningesema nimeponea. Lakini wiki ile ile nilianza kumchukia yule hamali. Akichelewa dakika kumi, namsemea kwa mzee. Akicheka na wateja, naona anajipendekeza. Mfuko mmoja wa saruji ulipopasuka nilimfokea mpaka wenzangu wakaniangalia. Nikawa najiambia, "hata kama hizi hakuchukua, mtu kama huyu hakosi mengine aliyochukua." Wallahi nilikuwa naamini. Hakunikosea lolote. Mimi ndiye niliyemkosea, na ili niweze kulala ilinibidi awe mtu mbaya.

Wajaini wana siku nane za kufunga na kujikagua, ziitwazo Paryushana, kati ya Agosti na Septemba, na siku ya mwisho wanaiita Samvatsari. Siku hiyo kila mtu anawaendea aliokaa nao mwaka mzima na kuwaomba msamaha, kwa maneno haya: Micchami Dukkadam. Maana yake, ubaya wote nilioutenda na ubatilike. Mwaka ule mzee aliingia dukani asubuhi, hakwenda kwenye kiti chake. Alikwenda moja kwa moja nyuma, penye mifuko ya saruji, akamsimamia yule hamali, akakutanisha viganja kifuani. Kijana ana vumbi mpaka kwenye kope. Mzee akamwambia kwa Kiswahili chake kile kile cha dukani, "Mimi nilikushuku, mimi sikuwa na hakika, wewe nisamehe." Kisha akatuzungukia sote mmoja mmoja. Alipofika kwangu akaniomba msamaha kwa mara zote alizonipandishia sauti. Risiti ilikuwa nyumbani, kwenye shati lile lile, sijalifua.

Baadaye, nilipokwisha kusema ukweli (nilichukua wiki mbili zaidi, sijivunii), nilimwomba mzee anieleze karma ya kwao. Hakunitajia adhabu wala malipo. Alisema kwao karma ni kama vumbi jembamba sana linaloingia na kunata kwenye roho. Vumbi lenyewe liko kila mahali. Kinachofanya linate ni mafuta, na mafuta hayo ni manne: hasira, majivuno, hila na tamaa. Roho kavu vumbi haliishiki. Roho yenye mafuta inashika tabaka juu ya tabaka, mpaka mtu haoni vizuri.

Haoni vizuri. Hapo ndipo aliponimaliza, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa. Sikupigwa radi, sikuugua, sikufukuzwa kazi. Nilipoteza uwezo wa kumwona mtu mmoja kama alivyo.

Mimi ni Mwislamu na dini yangu sikuibadilisha, na mambo ya kuzaliwa tena na tena siyaamini. Lakini tangu hapo kabla sijafunga hesabu ya jioni najiuliza: leo ni nani nimeanza kumwona mbaya, na je, kuna kitu nimemfanyia? Wajaini wana ibada kama hiyo asubuhi na jioni, pratikramana, ya kurudi nyuma na kukagua nyayo zako. Nawaomba wenye mawazo waniongezee.

#2 MamaWawili

Kaka, simulizi yako imenigusa, lakini neno lenyewe linanitia uchungu na sitanyamaza. Mwanangu wa pili ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Akiwa na mwaka mmoja na nusu vidole vilimvimba, akalia usiku mzima, ndipo tukajua. Jirani alikuja kunipa pole, akakaa, akanywa chai yangu, kisha akasema labda kuna kitu mimi au baba yake tulifanya huko nyuma, karma huwa inapitia kwa watoto. Nilimaliza kumsikiliza, nikaosha vikombe. Mpaka leo sijaweza kukaa naye. Hebu niambie, mtoto wa miezi kumi na minane ametenda nini?

#3 Mwanalikoni

Dada, pole sana. Hakutenda kitu, na wewe hukutenda kitu.

Nitakujibu kwa maneno ya wenye neno wenyewe, kwa sababu jirani yako amewasingizia. Katika maandiko ya zamani ya Kibuddha kuna msafiri mmoja wa kidini aitwaye Sivaka aliyemwendea Buddha akamwambia: wako wanaosema kila analolihisi mtu, raha au maumivu, limetokana na aliyoyatenda zamani, wewe wasemaje? Buddha akajibu kwamba wanaosema hivyo wanavuka mpaka wa wanachokijua. Akamtajia sababu 8 za maumivu: nyongo, makohozi, upepo wa mwilini, hivyo vitatu vikichanganyika, kubadilika kwa majira, kutojitunza, kushambuliwa, na ya nane ndiyo karma. Moja katika nane, tena ya mwisho. Huo ndio udaktari wa zama zao. Sisi leo tunajua selimundu inatoka kwenye jeni, yaani chembe ya urithi, ambayo mtoto ameipata kwa baba na kwa mama, na wazazi wote wawili wanaweza kuibeba bila kuumwa hata siku moja. Wawili kama hao wakikutana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mwenye ugonjwa. Uwezekano huo hauangalii nani alikuwa mwema.

Na Wakristo mliomo humu mnaijua Yohana sura ya 9. Wanafunzi wanamwona mtu kipofu tangu kuzaliwa, wanauliza nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake. Yesu anawajibu: si huyu wala wazazi wake.

Halafu kuna jambo nililisoma baadaye likanirudisha dukani. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Melvin Lerner na mwenzake Carolyn Simmons waliwakalisha wanafunzi wa kike wa chuo wamtazame mwenzao anayepigwa shoti ya umeme kila akikosea jibu. Shoti hazikuwa za kweli, lakini watazamaji hawakujua. Waliopewa nafasi ya kumwondoa kwenye mateso hawakumdharau sana. Walioambiwa mateso yataendelea, na wao hawana la kufanya, walianza kumwona ni mtu asiyependeza, mwenye kasoro. Lerner akaeleza kwamba tunataka sana kuamini dunia ina haki, kiasi kwamba tukimwona asiye na hatia anaumia tusiweze kumsaidia, tunamtafutia hatia.

Jirani yako aliogopa, dada. Kama ugonjwa unaweza kumpata mtoto wa mtu mwema, basi unaweza kumpata na wa kwake. Akakutafutia kosa ili yeye apate kulala. Ni kitu kile kile nilichomfanyia hamali, tofauti ni kwamba mimi nilikuwa na risiti mfukoni.

#4 Kiwanja Kimoja

Mnaongea vizuri, lakini mimi nina swali la mtu aliyeumia. Shemeji yangu alinidhulumu kiwanja. Nilimwamini, karatasi akabaki nazo yeye. Sasa ni mwaka wa tisa. Amejenga, amepangisha, watoto wake wanasoma vizuri. Mimi nilimwambia mbele ya ukoo kwamba namwachia Mungu na karma. Karma iko wapi? Kila nikipita pale naona ameongeza kitu.

#5 Mwanalikoni

Kaka, pole. Usikae ukihesabu vyumba vyake, na usiache kudai. Hivyo ni vitu viwili na vyote vinawezekana kwa pamoja. Sijasikia popote kwamba anayeamini karma asiende kudai chake. Mzee wangu mwenyewe alikuwa akiwafuata wadeni wake mpaka mlangoni, kwa sauti ya chini, lakini aliwafuata.

#6 Karani Mstaafu

Mkuu wa kiwanja, nisome kwa makini maana nimefanya kazi mahakamani Tanzania miaka mingi. Madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12 kisheria, na Kenya ni hivyo hivyo. Umesema uko mwaka wa tisa. Nimewaona watu waliosema "namwachia Mungu", wakaja kubadili mawazo mwaka wa 13 wakiwa na mashahidi na barua zao zote, wakarudishwa bila hata kusikilizwa. Wiki hii andika kwenye karatasi tarehe uliyokabidhiwa kiwanja, nani alikuwepo, ulilipa nini, lini uligundua. Tafuta mashahidi wakiwa bado hai na wanakumbuka. Kisha nenda kwa mwanasheria au wasaidizi wa kisheria wa karibu nawe wakuelekeze kwenye baraza linalohusika. Hasira zako utazishughulikia ukiwa tayari umefungua shauri.

#7 Kiwanja Kimoja

Ahsante mzee wangu. Hilo la miaka 12 sikulijua.

#8 Bin Juma

Assalaam alaykum. Niongeze kidogo upande wetu. Sura ya Zilzala katika Qur'ani inatwambia mwenye kutenda wema uzito wa chembe atauona, na mwenye kutenda uovu uzito wa chembe atauona. Na Qur'ani imesema hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwengine, kwa hiyo mtoto wa dada yetu hapo juu habebi mzigo wa mtu. Lakini nilichokipenda kwa yule mzee ni kule kwenda nyuma ya duka. Sisi masheikh wetu wanatufundisha haki za waja: ulichomkosea Mola utaomba toba kwake, ulichomkosea mja hakitoki mpaka umrudishie au akuwie radhi. Tunajua, lakini tunafanya nini? Usiku wa kuamkia Ramadhani tunatuma ujumbe mmoja kwa watu 200, "kama nimekukosea nisamehe". Yule tuliyemla haki yake hata namba yake hatuna. Mimi mwenyewe nilituma mwaka huu.

#9 Kijana wa Upanga

Mimi nakaa Dar, jirani na hekalu la Kibuddha la Upanga, lililoanzishwa na Wasinhala waliokuja kutoka Sri Lanka mwanzoni mwa karne ya 20. Nimekwenda kusikiliza mara kadhaa, siyo muumini. Nina mawili ya kusema.

La kwanza, kwa Buddha karma ni nia. Alisema hivyo waziwazi: nia ndiyo ninayoiita karma, mtu akishanuia hutenda kwa mwili, kwa neno na kwa fikra. Wajaini wanaupa uzito zaidi mwili, hata mdudu uliyemkanyaga bila kujua ana hesabu yake, na mabishano hayo baina yao ni ya zaidi ya miaka 2,000. Ila mfano ulionikaa ni wa chumvi. Tia donge la chumvi kwenye kikombe cha maji, hayanyweki. Litie donge hilo hilo kwenye mto Ganga, hutasikia kitu. Kosa dogo linamzamisha mtu mwenye moyo wa kikombe, na kosa hilo hilo halimbadilishi sana aliyeukuza moyo wake ukawa mto. Kwa hiyo ukishakosea, mbali na kulipa, kuna kazi ya kuongeza maji.

La pili, tusilipambe neno hili kupita kiasi. India kwenyewe limetumika kuwaambia mamilioni ya watu kwamba wamezaliwa tabaka la chini kwa makosa ya maisha yaliyopita, wakae hapo hapo. B. R. Ambedkar, aliyezaliwa katika tabaka hilo na akaja kuongoza uandishi wa rasimu ya katiba ya India, aliikataa hoja hiyo maisha yake yote. Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliingia dini ya Buddha pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi wake. Alikwenda kwenye dini ambayo nayo inalo neno karma, lakini hakukubali litumike kueleza kwa nini mtu anyimwe maji ya kisima. Dada MamaWawili yuko sahihi kukasirika. Ni hasira yenye historia.

#10 Gunia la Njombe

Wakuu mimi nimesoma uzi huu mara mbili. Nanunua viazi mviringo Njombe napeleka mjini. Nitasema ukweli hapa kwa sababu hakuna anayenijua.

Tunanunua kwa lumbesa. Wasiojua, gunia linajazwa mpaka mdomoni, kisha linaongezewa kichwa juu kinachozuiwa kwa kamba, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100. Langu moja nililipima kwa ubishi na rafiki yangu, lilikuwa 134. Sasa kilichonishtua kwenye maelezo ya Mwanalikoni ni pale alipoanza kumchukia hamali. Sisi wanunuzi tukikaa jioni tunawasema wakulima: wavivu, wanaficha viazi vibovu katikati, hawana shukrani, wakipata hela wanakunywa. Kila jioni. Sikuwahi kujiuliza kwa nini tunawasema sana watu ambao ndio wanatulisha.

Swali langu ni la kibiashara. Nikinunua kwa kilo peke yangu na wenzangu wanaendelea na lumbesa, mzigo wangu utakuwa ghali sokoni, nitaanguka. Nifanyeje?

#11 Mwanalikoni

Ndugu, swali lako ni gumu na sitakudanganya kwamba ukiwa mwaminifu biashara itapanda yenyewe. Inaweza isipande. Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, inasema una haki juu ya kazi yako, huna haki juu ya matunda yake, na nadhani aliyeandika vile alikuwa amewaona watu wema wakipata hasara.

Ninachoweza kukuambia ni cha mtu wa dukani. Usianze na gunia zote. Chagua wakulima watatu unaowajua kwa majina, wapimie kwa mizani mbele yao, walipe kilo zote 134 ikiwa ni 134. Uwaambie kwa nini. Wakulima nao wakijua kuna mtu wa mizani hawatakuwa na haja ya kuficha vibovu katikati, na hasara yako ya vibovu itapungua, hiyo ni hesabu unaweza kuiandika. Na acha kukaa kwenye yale mazungumzo ya jioni. Hilo halina gharama yoyote.

#12 Gunia la Njombe

Watatu naweza. Nitaanza msimu huu. Yale mazungumzo ya jioni ndiyo yatakuwa magumu.

#13 MamaWawili

Kaka Mwanalikoni, ahsante kwa jibu lako, nimemsomea mume wangu. Hatukuwahi kuzungumza juu ya yale maneno ya jirani, kumbe naye yalikuwa yanamla. Ila hukutuambia: yule hamali ulimlipaje? Alikusamehe?

#14 Mwanalikoni

Dada, nilimweleza mzee kwanza, ofisini, mlango umefungwa. Alinyamaza muda mrefu kisha akasema, "Mimi nitampa. Na wewe utampa." Kwa hiyo kijana alilipwa mara mbili, na ile ya kwangu niliambiwa nikampe mwenyewe.

Nilimpata kwenye feri ya Likoni jioni, tumebanwa na watu, baiskeli na vikapu vya nazi. Nikamwambia yote, kuhusu fundi, kuhusu risiti, kuhusu Jumatatu. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Hakunitukana. Aliniuliza kitu kimoja: "Ile siku ya saruji uliponifokea, ulikuwa unajua?" Nikasema nilikuwa najua. Akanyoosha mkono. Nikampa noti, akazihesabu pale pale, 3,200, akazirudia kuzihesabu mara ya pili, akazitia ndani ya soksi. Sikumuuliza kama amenisamehe na yeye hakusema. Feri ikafika, mlango ukashuka, watu wakaanza kusukumana.

Kesho yake asubuhi lori la saruji lilikuja mapema. Nilivua shati nikashika upande wa pili wa mfuko, tukaanza kushusha.